Nikeli, Chuma na Chumvi ya Lamu: Haidrojeni Itadumu Vipi Pwani?

Mtu anayefanya kazi za vyuma Lamu hahitaji kitabu kumfundisha habari za chumvi. Bolti uliyoikaza wakati wa kaskazi, kusi ikiingia huilegezi bila mafuta na nyundo. Fremu za paneli za sola zinazoletwa na sifa ya kutoshika kutu huanza kuchuruzika wekundu kwenye matundu ya skrubu, pale rangi ilipochubuka. Mimi hutengeneza pampu na mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji, na nimezoea kukipima kila kifaa kwa swali moja kabla sijauliza bei: kwenye hewa hii, kitakaa?

Swali hilo leo naliweka mbele ya haidrojeni ya kijani. Tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipozindua mkakati wake wa haidrojeni wakati wa mkutano wa tabianchi wa Afrika jijini Nairobi, habari hizi zimefika mpaka kwenye baraza zetu. Tunasikia mbolea itatengenezwa nchini, meli zitapata mafuta safi, bandari itapata kazi. Mpwa wangu anasoma kemia chuo kikuu, na kila likizo huja na makala za utafiti kwenye simu, tukakaa barazani baada ya alasiri tukazipitia. Karibu kila moja inatangaza kichocheo kipya cha bei nafuu cha kupasua maji.

"Mjomba, hiki kinaishinda platinamu," aliniambia akinionyesha mchoro wenye mistari ya rangi.

"Kimepimwa muda gani?"

Akapekua mpaka karibu na mwisho wa makala. Siku mbili na kitu.

Tulibishana sana siku ile, na ubishi ule ndio ulionifanya nisome zaidi. Nilipofika ni hapa: unafuu wa kichocheo ni jambo ambalo dunia imelijua kwa muda mrefu kuliko tunavyoambiwa. Uimara ndio kazi iliyobaki, hasa uimara wa mtambo unaowaka asubuhi na kuzima jioni, kando ya bahari.

Nianze na mtambo wenyewe. Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikana. Ukizamisha vipande viwili vya chuma kwenye maji yanayopitisha umeme na ukaunganisha betri, haidrojeni hutoka upande wa hasi, yaani katodi, na oksijeni upande wa chanya, yaani anodi. William Nicholson na Anthony Carlisle walilifanya hilo Uingereza mwaka 1800, mwaka uleule Volta alipotangaza betri yake. Umeme ukiwa wa jua, upepo au mvuke wa ardhini, haidrojeni hiyo huitwa ya kijani. Kilo moja yake hutaka lita 9 za maji, na huacha kilo 8 za oksijeni. Nguvu yote iliyomo ndani ya kilo hiyo ni kilowati-saa 39.4, lakini mtambo wa kweli hula kati ya 50 na 55 kuitoa. Ziada inapotea kuwa joto.

Kwa upande wa volti, hesabu inasema 1.23 zinatosha kuyapasua maji. Mitambo ya viwandani hutumia 1.8, mara nyingine 2. Kichocheo kinafanya kazi ndani ya pengo hilo tu. Kinapakwa juu ya elektrodi, kinazipa chembe mahali pepesi pa kuachana na kuungana upya, na chenyewe hakitumiki. Hakiwezi kuishusha ile 1.23. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu vijana wetu wanauziwa mitandaoni vifaa vya kuendesha pikipiki na boti kwa maji, wakiambiwa siri iko kwenye kichocheo. Hakuna kichocheo kitakachokurudishia nguvu zaidi ya ulizotia. Na wanaojaribu nyumbani kwa vijiko vya stenlesi na soda kali, tafadhali: yale maji yakianza kugeuka manjano, hiyo ni kromu iliyotoka kwenye stenlesi katika hali yake ya sumu. Usiyaguse, usiyamwage kisimani.

Upande wa haidrojeni ndio mwepesi. Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye aliyetuachia kanuni yake: kichocheo kizuri kinaishika chembe kwa kiasi. Kikiishika kwa nguvu mno haiachii, kikiishika kwa ulegevu haikai ikafanya kazi. Platinamu inaishika haidrojeni karibu na kiasi chenyewe hasa, ndiyo maana imekuwa kipimo cha wengine wote. Lakini si peke yake tena. Salfaidi ya molibdeni, unga mweusi ambao mafundi wa magari wanaujua kwenye grisi, ilionyeshwa mwaka 2007 kwamba kingo za vipande vyake ndizo zinazotoa haidrojeni. Nikeli iliyochanganywa na fosforasi ilifuata mwaka 2013.

Ugumu uko kwenye anodi. Ili itoke molekuli moja ya oksijeni, lazima elektroni nne zivuliwe, hatua baada ya hatua, na kila hatua ina kikwazo chake. Tena mahali hapo ndipo penye ukali wa kuunguza: volti iko juu, oksijeni inazaliwa, na metali nyingi hapo huliwa. Kwenye mitambo ya utando wa asidi, ambayo ni midogo na huitikia haraka umeme unapopanda na kushuka, iliyothibitika kuvumilia kwa miaka ni iridiamu. Dunia nzima huchimba tani 7 au 8 hivi za iridiamu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini kama mabaki ya uchimbaji wa platinamu. Katika miaka ya karibuni kilo moja imepita dola 100,000. Nikeli, kwa kawaida, haifiki dola 30 kwa kilo.

Kwa hiyo tazama upande wa pili, upande wa alkali. Badala ya asidi, unatumia maji yaliyotiwa hidroksaidi ya potasiamu, asilimia 20 mpaka 30, yenye joto la nyuzi 70 hadi 90. Humo nikeli haifi haraka. Humo chuma cha kawaida kinaweza hata kuwa ukuta wa tangi. Na hili si jambo la maabara. Aswan, Misri, mwaka 1960 kilianza kiwanda cha mbolea kilichopata haidrojeni yake kwa kupasua maji kwa umeme wa mto Nile. Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha mbolea kilifanya hivyo tangu miaka ya 1970 mpaka 2015, kwa umeme wa bwawa la Kariba. Waafrika wamesimamia elektrodi za nikeli zamu baada ya zamu kwa miongo, wakabadilisha gasketi, wakapima gesi, wakajaza magunia ya mbolea. Nikisikia mtu akiongea kana kwamba teknolojia hii inatushukia leo kutoka nje, naumia. Wazee wa Kwekwe wapo, na ujuzi wao unatakiwa kuandikwa kabla haujapotea. Kilichowafungia mlango ni umeme, ulipokuwa haba na ghali. Elektrodi zao hazikuwa na hatia.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, nayo ni habari ya uchafu. Watengenezaji wa betri za nikeli walijua zamani kwamba chembe za chuma zikiingia kwenye betri zao, zinaharibu: betri inapochajiwa, oksijeni hutoka mapema na umeme unapotea bure. Kwao chuma kilikuwa adui. Mwaka 1987 mtafiti Dennis Corrigan akachapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba hata chuma kidogo mno kwenye oksaidi ya nikeli kinairahisishia oksijeni kutoka. Ubaya wa betri ukawa uzuri wa mtambo wa haidrojeni. Mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher, Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, likaonyesha jambo lililowafanya wengi wazirudie hesabu zao: nikeli ikisafishwa chuma chote, na alkali nayo ikisafishwa, inakuwa kichocheo dhaifu. Sifa nyingi ambazo nikeli ilikuwa ikipewa kwa miaka zilikuwa za chuma kilichojipenyeza kutoka kwenye alkali ya dukani.

Fikiria maana yake kwa nchi kama yetu. Metali mbili za kawaida kabisa, moja wapo ikitosha kwa kiasi cha uchafu, zikiwa kwenye alkali zinaifanya ile kazi ngumu ya anodi vizuri kuliko vitu vingi vya bei ghali. Unaweza kuzipaka kwenye wavu wa nikeli kwa kuzamisha na kupitisha umeme, kazi isiyomshinda fundi wa kupaka kromu ukimpa vipimo sahihi. Ndiyo maana nasema unafuu si habari mpya.

Habari mpya imekuja baadaye, na inahusu kudumu. Watafiti walipoifuatilia ile anodi ya nikeli na chuma inapofanya kazi, waliona chuma hakikai mahali pake. Kinayeyuka, kinaingia kwenye alkali, kisha kinarudi kujibandika juu ya nikeli. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na maabara ya Argonne, Marekani, lilieleza uimara huu kuwa ni mizani ya kutoka na kurudi: alkali ikiwa na chuma kidogo kilichoyeyuka, kinachotoka kinafidiwa, ikiwa tupu, anodi inafilisika taratibu. Miaka 12 kabla yake, Matthew Kanan na Daniel Nocera wa chuo cha MIT, Marekani, walikuwa wameonyesha kichocheo cha kobalti na fosfeti kinachojijenga chenyewe ndani ya maji.

Niliposoma hayo niliyaelewa mara moja, kwa sababu nimekulia karibu na Matondoni, kijiji cha waunda majahazi. Jahazi halidumu eti kwa kuwa mbao zake haziozi. Linadumu kwa kuwa kila msimu hupandishwa pwani, likatiwa kalafati mpya kwenye nyufa, likapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, juu, na deheni ya shahamu na chokaa chini, na misumari iliyochoka ikang'olewa. Ukiliacha majini miaka mitatu bila kuligusa, hata la mkoko na mtiki litakufa. Uimara ule una ratiba. Mtambo wa haidrojeni unaopimwa alkali yake kila mwezi, ukaongezewa chuma kiasi kinachotakiwa, uko kwenye njia hiyohiyo, na mtu wa kuufuata lazima awepo pale, si Nairobi, si ng'ambo.

Lakini makala nyingi anazoniletea mpwa wangu hazipimi hivyo. Kipimo kilichozoeleka ni miliampea 10 kwa kila sentimita mraba, kwa saa 24, 50, au 100. Kiwandani mtambo wa alkali hupitisha miliampea 200 mpaka 400, mipya ikapita hapo, na watengenezaji huzungumzia saa 60,000 na zaidi kabla ya kubadilisha rundo la seli. Mwaka una saa 8,760. Ukiweka kando ya hizo saa 60,000 jaribio la saa 100, huna uthibitisho bado, una matumaini. Kwenye mkondo mkubwa viputo vya gesi vinazaliwa kwa kasi hadi vinabandua tabaka la kichocheo lisiloshika vizuri. Mkondo mdogo hauwezi kukuonyesha hilo hata ukiupa mwaka.

Na kuna jambo ambalo kwetu ndilo lenyewe. Jua linazama. Mtambo wa alkali wenye seli nyingi zilizopangwa kwa mfuatano, ukiuzima ghafla, haunyamazi. Ndani kumebaki haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande mwingine, na seli zote zinaoga kwenye alkali moja, kwa hiyo umeme huanza kutembea kinyume. Katodi ambayo mchana kutwa ilikuwa inalindwa inajikuta inaoksidishwa. Nikeli hugeuka hidroksaidi, asubuhi ukiwasha inarudi kuwa nikeli, jioni tena hidroksaidi. Inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, mpaka kichocheo kilichopakwa juu kinaanza kutoka magamba. Hata saa za kazi zikiwa chache, mizunguko inaua. Mtambo unaoendeshwa kwa jua tupu unaweza kuzimwa mara 365 kwa mwaka bila kuhesabu mawingu ya masika.

Tiba zipo. Unaweza kuacha mkondo mdogo ukipita usiku kutoka kwenye betri ili katodi isigeuke. Unaweza kutumia katodi zilizotengenezwa kuvumilia mkondo wa kinyume. Unaweza kuiondoa alkali kwenye seli kabla ya kuzima. Zote zina gharama, na gharama hiyo lazima iingie kwenye ile "bei nafuu" tunayotangaziwa. Jambo jingine linalohusiana: mawingu yakifunika na mtambo ukashuka chini sana, gesi zinazotengenezwa ni kidogo lakini kuvuja kwake kupitia kizuizi cha katikati hakupungui kwa kiasi kilekile. Haidrojeni inaingia kwenye oksijeni. Ikifika asilimia 4 mchanganyiko unaweza kulipuka, kwa hiyo mitambo huwekwa kujizima kabla haijafika nusu ya hapo. Kila wingu zito ni uwezekano wa kuzima, na kila kuzima ni mzunguko mwingine.

Kwa sababu hii nasema wazi, nikiwa Mlamu: mitambo mikubwa ya kwanza ya Kenya inafaa kukaa karibu na mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako umeme hauzimi usiku, tena usiku wa manane ndipo mahitaji ya nchi yanaposhuka. Huko nikeli itapata mkondo wa kudumu. Pwani ianze na midogo, ya kujifunzia. Langobaya, upande wa Malindi, kuna shamba la sola la megawati 40 linaloingiza umeme kwenye gridi tangu Desemba 2021. Tuseme linatoa nguvu kamili saa 5 kwa siku: hizo ni megawati-saa 200, ambazo zote zikipelekwa kwenye haidrojeni zingetoa karibu tani 4. Inaonyesha ukubwa wa kazi. Inaonyesha pia kwamba umeme huohuo ungewasha nyumba nyingi mno za Magarini na Ganze, na mwenye nyumba hizo ana haki ya kuulizwa kwanza.

Nije kwenye maji, kwa kuwa kila mgeni akiiona bahari yetu husema, "Maji si haya hapa?"

Jaribio hili nimelifanya mwenyewe, nje, penye upepo, na sikushauri ulifanye ndani. Nilichota maji ya bahari kwenye gati kwa chupa pana. Anodi yangu ilikuwa kaa la betri kavu kuukuu, katodi kipande cha stenlesi, na umeme kutoka chaja ya betri ya pikipiki. Viputo vilianza papo hapo pande zote mbili. Haikuchukua muda harufu ikatoka, na kila aliyepita aliijua: Jik. Chumvi ya bahari ni kloraidi, na kwenye anodi kloraidi hupenda kugeuka klorini kabla maji hayajapata nafasi ya kutoa oksijeni. Klorini ikikutana na maji yenye alkali inakuwa ile dawa ya kung'arisha nguo, ndiyo Jik. Huku kwenye katodi kukaota utando mweupe, mzito, unaoteleza, magnesi ya baharini iliyogeuka hidroksaidi. Niliufuta kwa kidole kilichovaa glavu, ukaota tena. Nilipoweka msumari badala ya kaa la betri, maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na msumari ulipungua unene huku nikiuangalia. Chupa ile moja ilionyesha shida zote za maji ya bahari: anodi inaliwa, klorini inatoka, katodi inazibwa.

Watafiti hawajakata tamaa nazo. Kwenye alkali kuna nafasi ya karibu nusu volti ambamo oksijeni hutoka na klorini bado, na nikeli-chuma inaweza kukaa ndani ya nafasi hiyo. Mwaka 2019 kundi la Hongjie Dai wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitengeneza anodi ya nikeli na chuma juu ya tabaka la nikeli na salfa, ikafanya kazi zaidi ya saa 1,000 kwenye maji ya bahari yaliyotiwa alkali. Siri yake ilikuwa salfeti na kaboneti zilizojipanga juu ya anodi: zina chaji hasi, na kloraidi nayo ni hasi, kwa hiyo zinaifukuza. Mwaka 2022 Heping Xie na wenzake wa China wakapita njia nyingine kabisa. Waliweka utando unaopitisha mvuke na kuyazuia maji ya chumvi. Alkali kali ndani inauvuta mvuke wa maji kutoka baharini, unavuka, unageuka maji safi upande wa ndani, unapasuliwa. Maji yalikuwa ya ghuba ya Shenzhen, na mtambo ulifanya kazi zaidi ya saa 3,200 kwa miliampea 250. Saa hizo ni zaidi ya miezi minne. Huo ndio utafiti ninaoweza kuuheshimu, kwa kuwa umeipa bahari muda wa kujibu.

Pamoja na heshima hiyo, hesabu ya kazi yangu ya kila siku inanielekeza kwingine. Mtambo mzuri wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hula kilowati-saa 3 au 4 kwa lita 1,000. Tuache nafasi ya upotevu na usafishaji wa mwisho, tuseme kilo moja ya haidrojeni itumie lita 20 za maji yaliyosafishwa. Hiyo ni kama kilowati-saa 0.08, wakati kuyapasua kunataka zaidi ya 50. Gharama ya kuondoa chumvi ni chini ya sehemu 1 kati ya 500 ya umeme wote. Kwa akiba ndogo hivyo, sioni sababu ya kumtupa kichocheo katikati ya kloraidi. Ondoa chumvi kwanza, mpe nikeli maji safi, umri wake utakuwa mrefu. Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, kuna mtambo wa kuondoa chumvi kwa umeme wa jua tangu 2018. Ujuzi wa kuuendesha uko tayari ndani ya kaunti hii. Kinachohitaji kufikiriwa ni yale maji ya chumvi nzito yanayobaki, ambayo hayawezi kumwagwa tu juu ya mikoko na matumbawe.

Na maji ya Shela yasiguswe. Mji wa Lamu unakunywa kutoka visima vilivyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua hupenya mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji yasiyo na chumvi ni mepesi kidogo. Ukivuta kupita inavyojazwa, chumvi hupanda, na ikishapanda hairudi chini upesi. Tani moja ya haidrojeni kwa siku ni lita 9,000 kwa uchache, karibu 20,000 ukihesabu kila kitu. Mwekezaji yeyote atakayekuja na ramani ya kisima badala ya ramani ya mtambo wa bahari, hapa hapana.

Tunajua kusema hapana. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa na sheria. Watu wa Lamu walisoma ripoti ya athari za mtambo ule kwa mazingira, kurasa kwa kurasa, wavuvi, walimu, akina mama wa vikundi. Nataka haidrojeni isomwe hivyohivyo, na safari hii kwa shauku, kwa kuwa inaweza kutufaa. Kwenye ripoti yake tutafute: kichocheo ni metali gani, kilipimwa saa ngapi kwa mkondo wa kiasi gani, kilizimwa na kuwashwa mara ngapi, nikeli iliyoyeyuka inaenda wapi, alkali iliyochoka inahifadhiwa wapi, na nani hapa Lamu atafunzwa kuubadilisha ule wavu ukichoka.

Mimi na mpwa wangu tumekubaliana juu ya jambo dogo la kuanzia. Tunataka kibao cha majaribio pwani: seli ndogo kadhaa za nikeli na chuma, zikipata umeme wa paneli moja kwa moja, bila kulainishiwa mkondo, ziwake jua likichomoza na zizime likizama, kusi na kaskazi. Kila asubuhi ipimwe volti ya kuanzia. Kila mwezi ichotwe alkali ipimwe nikeli na chuma. Seli nyingine zilindwe usiku kwa mkondo mdogo, nyingine ziachwe, ili tofauti ionekane. Pwani University iko Kilifi, pwani hiihii, na kipimo cha metali kwenye maji ni kazi ya maabara ya kawaida. Yeye ameanza kuandika maombi kwa walimu wake. Mimi nina banda lenye kivuli na upepo wa kupitisha gesi, na fremu nitaifunga mwenyewe. Tunachokosa ni wavu wa nikeli, hata vipande vilivyobaki kwenye kazi nyingine, na mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye mtambo wa alkali wa kweli, Aswan, Kwekwe au popote. Ukiwa unamjua, nipe habari zake.